Kariokor Haikuua kwa Risasi: Nyeri, Unga Mbichi na Madaktari wa Jeshi

Tarehe 23 Mei 2015 nilikuwa darasa la sita, na kama wewe ni wa Nyeri sina haja ya kukuambia siku hiyo ilikuwaje. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi ulijaa hadi nje. Sista Irene Stefani, yule Mtaliano ambaye mababu zetu walimwita Nyaatha, mama wa huruma, alikuwa anatangazwa Mwenye Heri. Hapa Wamagana matatu zote ziligeuka kuwa za kanisa siku hiyo. Cucu alirudi nyumbani na picha yake, na iko ukutani hadi leo, juu ya redio.

Tulichofundishwa kuhusu yeye ni kifupi: alikufa Gikondi, kule Mukurweini, mwaka wa 1930, baada ya kumuuguza mgonjwa wa tauni. Basi. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba kabla ya Gikondi, Nyaatha alikuwa muuguzi wa vita. Alifika Kenya mwanzoni mwa 1915, na muda si mrefu akajikuta Voi, kisha Kilwa, kisha Lindi, ndani ya hospitali za jeshi la Waingereza. Na wagonjwa wake hawakuwa wanajeshi wazungu. Walikuwa wapagazi. Wengine wao walikuwa vijana wa hapa hapa, wa Tetu, wa Mathira, wa Othaya, wamelala chini huko pwani ya Tanganyika wakiharisha damu.

Sasa swali langu ni hili, na ndilo limenifanya nikae na vitabu mwezi mzima: kwa nini hospitali za vita zilijaa watu ambao hawakupigwa risasi? Na madaktari wa jeshi walikuwa wameandaliwa kufanya nini, kama hawakuandaliwa kwa hilo?

(Kwa wale huwa mnauliza kwenye komenti kama nina digrii ya historia: sina. Nilitoka chuo mwaka wa pili. Nina kadi ya maktaba na bando ya usiku. Tuendelee.)

Vita vya kwanza vya dunia vilifika Afrika Mashariki Agosti 1914, na vikaisha huku baadaye kuliko Ulaya, tarehe 25 Novemba 1918, Von Lettow-Vorbeck aliposalimisha jeshi lake la Wajerumani kule Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Katikati ya hapo ni miaka minne ya kukimbizana msituni. Hakukuwa na barabara za maana. Farasi na nyumbu walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Kwa hiyo kila kitu, risasi, unga, mahema, whisky ya maofisa, kilibebwa na kichwa cha mtu. Waingereza walitumia wapagazi karibu milioni moja ukijumlisha makoloni yao yote ya upande huu. Kikosi cha wapagazi kiliitwa Carrier Corps. Mdomo wa Mwafrika ukaifanya Kariakoo, na ya Nairobi ikawa Kariokor. Soko la Kariokor unakoenda kula choma na kununua viatu vya ngozi limebeba jina la kambi ya watu hao. Kariakoo ya Dar ni vivyo hivyo.

Hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza ni kama 95,000. Wanahistoria wengi wanaona hiyo ni ndogo, kwa sababu hakuna aliyekuwa anahesabu vizuri. Soma tena hiyo nambari halafu jiulize wangapi walikufa kwa risasi. Ni wachache mno. Waliuawa na kuhara damu, malaria na nimonia.

Hapa ndipo watu hukurupuka kusema, eh, ni zamani, dawa hazikuwepo, madaktari hawakujua. Hapana. Ronald Ross alikuwa ameonyesha mwaka wa 1897 kwamba malaria inabebwa na mbu. Liverpool ilifungua shule ya magonjwa ya nchi za joto mwaka wa 1898, London mwaka wa 1899, na madaktari wa serikali ya kikoloni walipitia huko kabla ya kupanda meli. Kwinini ilikuwepo. Walijua maji machafu yanaleta nini. Kwa karatasi, daktari wa jeshi aliyetua Mombasa mwaka wa 1914 alikuwa miongoni mwa madaktari waliofundishwa vizuri zaidi duniani kuhusu magonjwa ya Afrika.

Lakini hakufundishwa kuhusu unga.

Naongea kuhusu unga wa mahindi, ndiyo. Posho ya mpagazi ilikuwa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wa chenga, na mara nyingi alipewa mbichi ajipikie mwenyewe. Fikiria kijana ametembea siku nzima na mzigo kichwani. Amefika kambini jioni, mvua inanyesha, kuni zimelowa, sufuria ni moja kwa watu wengi, na alfajiri anaamshwa tena. Anafanya nini? Anakoroga unga na maji ya uvuguvugu, anameza. Chenga zile zinakwaruza utumbo. Utumbo ukishachubuka, vijidudu vya kuhara damu vinapata mlango wazi. Na huyu ni mtu aliyezoea irio, njahi, nduma na ngwaci, vitu vilivyopikwa na mama yake vikaiva. Mahindi matupu, siku baada ya siku, mwezi baada ya mwezi, tumbo lake halikuyajua.

Ongeza na hii: Nyeri iko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Malaria hapa ni ya kuhesabu. Mtu wa Tetu wa mwaka wa 1917 hakuwa na kinga yoyote ya kukua nayo. Unamtoa kwenye baridi ya Nyandarua unampeleka kwenye mabonde ya Rufiji, blanketi moja, neti hana. Ni kama umemtia sahihi ya kifo.

Na si kwamba ni weusi peke yao. Mwaka wa 1916 Jenerali Smuts alileta wanajeshi wazungu kutoka Afrika Kusini, vijana wa shamba, wenye afya. Kikosi kimoja cha askari wa miguu, cha tisa, kilianza Februari na watu 1,135. Kufikia Oktoba waliokuwa wazima wa kusimama ni 116. Hawakuwa wamepigana vita vikubwa vya kueleza pengo hilo. Mwisho wa mwaka huo maelfu wakarudishwa kwao kwa meli. Tofauti ni kwamba wao walirudishwa. Mpagazi alipougua, alitafutwa mpagazi mwingine.

Alitafutwa wapi? Hapa kwetu. Mwaka wa 1917 John Ainsworth alipewa kazi ya kukusanya watu kwa nguvu, na machifu wakaambiwa walete idadi. Watu wakawa wanalala msituni ili wasishikwe. Mshahara ulikuwa kama rupia 5 kwa mwezi. Mkuu wa kikosi, Oscar Watkins, lazima niseme ukweli, alikuwa anapiga kelele. Aliwaandikia wakubwa kuhusu chakula, kuhusu blanketi, kuhusu watu kupimwa kabla ya kupelekwa. Alikuwa afisa tawala, si daktari, na bado alielewa ugonjwa wa wapagazi kuliko majenerali wenye hospitali. Majenerali walikuwa wanataka mizigo ifike.

Sasa ngojeni niwaonyeshe kitu ambacho kilinifanya nifunge kitabu nikaenda kutembea.

Mwaka huo huo wa 1917, daktari wa misheni ya Waskoti pale Thogoto, John Arthur, aliona kwamba wasomaji wake, wale vijana wa misheni, watakamatwa na machifu kama wengine. Akaomba ruhusa ya kuunda kikosi chao peke yao. Kikaitwa Wakujitolea wa Misheni za Kikuyu. Walikuwa karibu 2,000, kutoka Thogoto, kutoka misheni nyingine, na kutoka Tumutumu, hapo Mathira, ambako Daktari Philp alikuwa ameanzisha hospitali na kufundisha vijana wa Kikuyu kufunga vidonda. Wakaenda Tanganyika kubeba mizigo ile ile, kwenye njia zile zile, kwa jeshi lile lile.

Na walikufa wachache sana ukilinganisha na wapagazi wengine.

Kwani walikuwa na dawa gani ya siri? Hakuna. Daktari alitembea nao, hakukaa nyuma kwenye hospitali akingoja waletwe kwa machela. Maofisa wao waliongea Kikuyu, kwa hiyo mtu akisema tumbo linamkata, alieleweka siku hiyo hiyo, si baada ya wiki. Chakula kilipikwa kikaiva. Vyoo vilichimbwa. Ndani ya kikosi kulikuwa na vijana waliojua kusoma, na baadhi walishaona kazi ya hospitali ya misheni, wakijua maana ya kuchemsha maji.

Nitakuwa muungwana: walikwenda vita vikiwa vimeanza zamani, na walikuwa vijana waliochaguliwa, si wazee waliokamatwa sokoni. Hiyo ilisaidia. Na pia kuna jambo linanikera kwenye hadithi hii, kwa sababu inasimuliwa makanisani kama ushindi. Kama ilijulikana mwaka wa 1917 namna ya kumrudisha mpagazi nyumbani akiwa hai, kwa nini aliyejua kusoma Injili arudi, na jirani yake asiyejua abaki Rufiji? Daktari Arthur aliokoa watu wake na nampa heshima. Serikali iliona matokeo na haikuwapa wengine mpango huo.

Uganda nao walikuwa na jaribio lao. Daktari wa jeshi, Meja Keane, alichoka kuona wagonjwa wakihudumiwa na watu waliookotwa tu bila kufundishwa lolote. Akaenda kwenye shule nzuri, Budo na nyinginezo, shule za watoto wa machifu, akachukua vijana wanaojua kusoma na kuandika. Wakafundishwa kwa haraka: kupima joto la mwili, kugawa dawa kwa kipimo, kufunga kidonda, kuweka rekodi ya mgonjwa. Kisha wakapelekwa kwenye hospitali za wapagazi. Kikosi hicho, Kikosi cha Tiba cha Waafrika, kilianza 1917, na kilifanya kazi ambayo wazungu wengi waliapa Mwafrika hawezi kuifanya.

Ukitaka kujua kwa nini Makerere na Mulago ndizo zilizotoa madaktari wa kwanza wa Afrika Mashariki, sehemu kubwa ya jibu iko hapo. Keane baada ya vita akawa mkuu wa tiba Uganda, na hakuwa tayari kusikia mtu akimwambia hawa hawafundishiki, kwa sababu alikuwa amewafundisha akawaona kazini. Mwenzake, Kapteni Tomblings, akawa mmoja wa wakuu wa mwanzo wa Makerere, iliyoanza 1922. Nilipata furaha ya ajabu kujua hili. Masomo ya udaktari ya ukanda mzima yana mzizi kwenye vijana wa shule waliotumwa kuwaosha wapagazi wa kuhara damu.

Turudi Nyeri. Kama hujawahi kuingia lile kanisa la Waitaliano pale Mathari, ingia, hakuna kiingilio cha maana na kuna utulivu. Ndani kuna masalia ya wanajeshi zaidi ya 600 wa Kiitaliano wa vita vya pili, na kati yao yuko Mtawala wa Aosta, Amedeo, aliyekuwa mwakilishi wa mfalme wa Italia huko Ethiopia. Huyu alisalimu amri mwaka wa 1941, akaletwa Kenya mfungwa, akafa Nairobi Machi 1942. Kwa risasi? Kwa kifua kikuu na malaria. Mtu wa ukoo wa kifalme, mwenye madaktari wake. Vijidudu havisomi cheo.

Wakati yeye anakufa, kijana mmoja wa Kaheti, Mukurweini, alikuwa ndiyo kwanza ameingia jeshi la KAR. Jina lake Waruhiu Itote. Mtamjua zaidi kama Jenerali China. Alipelekwa Burma, na huko vijana wetu wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki waliteremka bonde la Kabaw mwaka wa 1944 katikati ya masika, matope hadi magoti, malaria na homa ya utitiri kila upande.

Burma ndiko ambako jeshi la Waingereza lilijifunza somo lililowashinda Rufiji. Jenerali Slim alipochukua uongozi mwaka wa 1943 alikuta kwa kila mwanajeshi mmoja anayeondolewa kwa jeraha, wanaondolewa 120 kwa ugonjwa. Mia na ishirini! Alichofanya si kuagiza madaktari zaidi, hawakuwepo. Alihamisha kazi ya tiba kutoka kwa daktari kwenda kwa kila ofisa. Kulikuwa na vidonge vya njano vya kuzuia malaria, mepakrini, ambavyo wanajeshi walivikwepa kwa sababu vilikuwa vichungu na vinageuza ngozi rangi, na kulikuwa na uvumi kwamba vinaua nguvu za kiume (baadhi yenu mtakumbuka uvumi kama huo wa chanjo juzi tu). Slim akaamuru kupimwa kwa ghafla: kama wanajeshi wa kikosi hawajameza, anayefukuzwa ni mkuu wa kikosi, si daktari. Alifukuza watatu. Wengine wakaelewa. Na wagonjwa wakaanza kutibiwa karibu na mstari wa mbele, siku chache warudi kazini, badala ya kusafirishwa mamia ya maili hadi India.

Itote alirudi, akaona mambo ya nyumbani yako vilevile, akaishia msitu wa Mlima Kenya kama jenerali wa Mau Mau. Januari 1954 alishikwa akiwa amejeruhiwa shingoni kwa risasi. Waliosoma historia ya msitu wanajua kwamba dawa zilivuka kutoka hospitali za serikali na za misheni kupitia mikono ya madresa na wauguzi waliokula kiapo. Madresa! Wale wale ambao mfumo wa kikoloni uliwafundisha kufunga vidonda. Serikali iliwaandaa kwa vita moja, wakaenda na ujuzi kwenye nyingine. Na Kimathi, wa hapa Tetu, alipopigwa risasi ya paja tarehe 21 Oktoba 1956, alitibiwa Nyeri na madaktari wa wale wale waliokuwa wanamtafuta, akapelekwa mahakamani, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa. Hiyo ni mada ya siku nyingine, kwa sababu daktari anayemponya mtu ili anyongwe akiwa mzima ni swali ambalo sijui nilianzie wapi.

Leo je? Daktari wa Kenya anasoma miaka sita, anafanya mwaka mmoja wa mafunzo kazini hospitalini, ndipo anapewa leseni. KDF ikimtaka, humchukua akiwa na digrii yake tayari, kisha humfanya ofisa: gwaride, bunduki, ramani, kulala nje. Watu huona hiyo ni kupoteza wakati wa daktari. Mimi baada ya kusoma haya yote naona hiyo ndiyo nusu iliyokosekana mwaka wa 1917. Daktari asiyejua kutembea na kikosi atakaa nyuma akingoja maiti.

Kuna mambo mengine lazima ayafundishwe upya. Hospitalini mgonjwa ni mmoja na wahudumu ni wengi. Vitani wagonjwa ni kumi na wewe ni mmoja, na lazima uamue nani unamshika kwanza na nani unamwacha, ukijua unayemwacha anakuona. Hospitalini umezoea kuangalia kwanza kama mtu anapumua. Vitani, kama damu inaruka, unaizuia hiyo kwanza, kwa sababu mshipa mkubwa wa paja unaweza kummaliza mtu kwa dakika chache. Wamarekani walichunguza vifo vyao vya vitani kati ya 2001 na 2011. Wengi sana walikufa kabla ya kufika hospitali. Kati ya hao, karibu robo wangeweza kuokolewa, na kwenye hiyo robo, kama tisa kwa kila kumi tatizo lilikuwa damu tu. Ndiyo maana sasa kila mwanajeshi, si daktari peke yake, hubeba mkanda wa kukaza mkono au mguu na hufundishwa kujifunga mwenyewe gizani, kwa mkono mmoja. Ni akili ya Slim ile ile: tiba inaanza kwa asiye daktari.

Ukienda Nanyuki, mwendo wa saa moja hivi kutoka Nyeri mjini, Waingereza wana kambi yao ya mafunzo, na madaktari na wauguzi wao wa jeshi hufanya mazoezi nyika za Laikipia kabla ya kutumwa kwingine. Kuna mengi ya kusema kuhusu kambi hiyo na wenyeji, mazuri na mabaya, mengi mabaya. Kwa leo nataka tu uone kichekesho: nchi iliyowapeleka mababu zetu Rufiji bila kuwapima hata joto, leo inakuja kwetu kufanya mazoezi ili watu wake wasife kizembe.

KDF waliingia Somalia Oktoba 2011, mwaka uliofuata wakawa sehemu ya AMISOM. Huko tiba imepangwa kwa ngazi. Ngazi ya kwanza iko na kikosi, ya kumfunga mtu na kumtuliza. Ya pili ina chumba cha upasuaji, na Dhobley kulikuwa na moja. Zaidi ya hapo ni ndege hadi Nairobi, hadi ile hospitali ya jeshi ya Mbagathi. Mpango mzuri. Lakini unategemea kitu kimoja ambacho hakuna chuo cha udaktari kinafundisha, kwamba kuna mtu anakuja kukuchukua. El Adde, tarehe 15 Januari 2016, kambi ilivamiwa alfajiri, na kwa miaka mingi serikali yetu wenyewe, si ya Mwingereza, ilikataa kutaja idadi kamili ya waliokufa.

Nikafika hapo nikakumbuka Kariokor, kwa sababu huko nako tatizo la mwisho lilikuwa orodha. Mishahara ya wapagazi waliokufa ilibaki bila kudaiwa, kwa kuwa majina yaliandikwa ovyo na familia hazikupatikana. Watkins na wengine walitaka pesa hizo zirudi vijijini, hazikurudi. Mwaka wa 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikubali kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina popote au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Ile sanamu ya askari pale Kenyatta Avenue ina watu watatu na mmoja ni mpagazi. Hana jina.

Baba ya guka alikuwa na kaka mkubwa ambaye aliondoka Tetu wakati wa Kariokor na hakuonekana tena. Nilimuuliza guka alikufa kwa nini. Akanijibu, "Nda." Tumbo. Hiyo tu ndiyo habari iliyorudi, na nadhani sasa najua ni tumbo gani.

Lakini sisi Wakikuyu tuna orodha yetu. Mtoto wa kiume wa kwanza huitwa kwa baba ya baba yake, wa pili kwa baba ya mama yake, wa tatu kwa kaka mkubwa wa baba yake. Guka alikuwa wa tatu. Akapewa jina la yule aliyepotea. Na mimi ni kifungua mimba wa baba yangu, kwa hiyo jina hilo limo kwenye kitambulisho changu.

Muulize guka wako jina lako lilitoka kwa nani. Kama alienda Kariokor, niandikie amezaliwa ridge gani na alipotea mwaka gani. Naanza daftari, na mpaka leo asubuhi lina majina kumi na manne.